Sindano, Uzi na Mkasi Ndani ya Ndege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wasafiri wanaofuma, wanaodarizi na wanaoshona kwa mkono, ambao wangependa kazi yao isonge mbele katika zile saa tano na ushei za kutoka Dar es Salaam hadi Muscat au Dubai, katika usiku mzima wa Nairobi hadi London, au katika safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways iliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018 na ambayo huchukua takriban saa 15. Kanuni za usalama hubadilika, kwa hiyo msafiri asome orodha ya kampuni yake ya ndege siku chache kabla ya kuondoka, hata kama alisafiri na vifaa vilevile mwaka jana bila kusumbuliwa.

Je, sindano zinaruhusiwa katika mzigo wa mkononi?

Kwa safari nyingi jibu ni ndiyo. Idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, inaruhusu sindano za kufumia, sindano za kroshia na sindano za kushonea katika mzigo wa mkononi na vilevile katika mzigo unaokabidhiwa kaunta. Orodha ya serikali ya Uingereza inaruhusu sindano za kufumia na za kushonea, na mamlaka ya ukaguzi ya Kanada, CATSA, haizizuii.

Hali haikuwa hivi sikuzote. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 abiria walipokonywa karibu kila kitu chenye ncha. Baadaye milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa, wakaguzi wakaelekeza macho yao zaidi kwenye vilipuzi, na tarehe 22 Desemba 2005 Marekani ikaruhusu tena hata mikasi midogo. Yule shangazi anayesisitiza kwamba sindano ni marufuku katika ndege huenda anaikumbuka vizuri miaka ile, wala hasemi uongo. Amechelewa tu kupata habari.

Pamoja na hayo, ruhusa iliyoandikwa haimfungi mikono mkaguzi. TSA yenyewe inaeleza kwamba uamuzi wa mwisho ni wa afisa aliyepo kwenye kituo cha ukaguzi, na utaratibu huo ndio unaofuatwa karibu kila mahali.

Ikiwa zinaruhusiwa, mbona baadhi ya wasafiri wamenyang'anywa?

Ni kwa sababu safari moja hupita mikononi mwa mamlaka kadhaa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, limeweka viwango vya chini vya usalama katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Juu ya viwango hivyo kila nchi huongeza masharti yake, na kampuni ya ndege nayo inaweza kukaza zaidi. Hivyo basi, abiria anayetoka Dar es Salaam kwenda Toronto kupitia Doha anahusika na masharti ya Tanzania, ya Qatar na ya kampuni inayombeba, na akirudi anaanza na ya Kanada.

Jambo linalowaponza wengi ni ukaguzi wa njiani. Abiria anayebadilisha ndege Dubai, Doha au Addis Ababa hupitishwa tena kwenye mashine kabla ya kuifikia ndege ya pili, na mkaguzi wa huko hana habari kwamba mwenzake wa Dar es Salaam aliutazama mkasi akaurudisha begini. Zaidi ya hayo, wakati huo mzigo mkubwa umekwisha kupakiwa, na hakuna ndugu nje ya jengo wa kumkabidhi kitu kilichokataliwa. Kwa hiyo, unapopanga vifaa vyako, viandae kwa ajili ya kituo kikali kuliko vyote katika njia yako, hata kama ni kituo utakachokaa saa mbili tu.

Je, mkasi unaruhusiwa?

Hapa ndipo penye matatizo halisi, kwani kwa kila msafiri anayepoteza sindano huenda wapo kadhaa wanaopoteza mkasi. Marekani inaruhusu mkasi ambao urefu wake kutoka kwenye msumari wa katikati hadi kwenye ncha haufiki inchi 4, yaani kama sentimita 10. Uingereza, Kanada na nchi za Umoja wa Ulaya zina kikomo cha sentimita 6, nacho hupimwa kwa namna hiyohiyo kutoka msumarini. Tofauti ya sentimita 4 ni kubwa: mkasi wa kawaida wa kudarizia uliopita New York bila neno unaweza kukataliwa London katika safari ya kurudi.

Mwandishi wa majibu haya alilipa ada ya somo hilo. Mkasi wake mdogo wa shaba, aliouzoea kwa miaka mingi, ulipita vituo viwili vya kwanza, kisha katika uwanja wa kubadilishia ndege mkaguzi akatoa rula, akaupima, akaonyesha kwa kidole sentimita 7, akautumbukiza katika pipa. Hakukuwa na la kubishania, kwa kuwa rula ilikuwa kwenye begi la mwandishi pia, naye hakuitumia alipokuwa nyumbani.

Ushauri ni kuchukua mkasi wa kukatia kucha za watoto wachanga, wenye ncha butu na makali ya sentimita mbili au tatu, ambao hugharimu fedha kidogo na hauumizi roho ukipotea. Kikata kucha cha kawaida nacho hukata uzi vizuri, na kimetajwa katika orodha za Marekani na Uingereza kuwa kinaruhusiwa. Wapo pia wanaobeba kikopo cha uzi wa kusafishia meno kwa ajili ya kile kijino cha chuma kilichopo juu yake. Kinatosha kwa uzi mwembamba wa pamba, ila kwa uzi wa sufu hukwaruza badala ya kukata. Wengine watakuambia wanatumia meno yao. Kila mtu na meno yake, lakini ncha iliyolowa mate hutanuka na kukataa kuingia katika tundu la sindano.

Vipi kuhusu wembe, kifungua mshono na vikata uzi vya mviringo?

Wembe usiusafirishe kabisa katika mzigo wa mkononi. Mafundi wengi wa kwetu hukatia uzi kwa wembe uliovunjwa nusu, na nusu hiyo hujificha katika kijaluba cha sindano hata mwenyewe akaisahau, kisha mashine ya eksirei ikamkumbusha mbele ya foleni nzima. Kikung'ute kijaluba hicho mezani kabla ya kufunga safari.

Kile kikata uzi cha mviringo kinachovaliwa shingoni kama kidani kinaonekana hakina madhara, lakini ndani yake mna bapa lenye makali kuzunguka pande zote, na TSA inakitaja waziwazi kuwa hakiruhusiwi kupita kwenye ukaguzi wa abiria. Kikata kitambaa cha gurudumu ni vivyo hivyo. Kifungua mshono, ingawa ni kidogo, kiweke katika mzigo mkubwa. Kufumua kunaweza kusubiri hadi ufike.

Nichague sindano za chuma, za mianzi au za plastiki?

Kanuni nyingi hazibagui kwa malighafi, lakini uzoefu hubagua. Sindano ya mianzi au ya plastiki haipigi kengele wala haimfanyi mkaguzi asimamishe picha kwenye kioo chake, na ikidondoka haibingiriki hadi safu tatu mbele. Sindano ndefu za chuma za sentimita 35, zile zinazouzwa jozi kwa jozi, zina kasoro mbili: katika picha ya eksirei zinafanana na silaha, na katika kiti cha daraja la kawaida zinamchoma jirani ubavuni kila unapogeuza safu. Kwa wanaofuma sweta au skafu, sindano za mzunguko, yaani ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki, zinafaa zaidi: mikono inabaki mapajani, uzito wa kazi unalala juu ya waya, na hakuna sindano ya pili ya kuangukia chini ya kiti.

Nifanyeje ili kazi isiharibike iwapo sindano itachukuliwa?

Jibu linategemea aina ya kazi, na inafaa kulifikiria hili mapema kuliko kufikiria jinsi ya kumshawishi mkaguzi.

Anayefuma kwa sindano mbili ndiye aliye katika hatari kubwa, kwa sababu vitanzi vyote vya safu, pengine 120, viko hai kwa wakati mmoja, na sindano ikivutwa vinaanza kuporomoka. Kabla ya kufika uwanjani, pitisha kwa sindano butu uzi laini wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vya safu ya mwisho, bila kuvitoa kwenye sindano ya kufumia, na uache ncha ndefu za uzi huo pande zote mbili. Uzi huo ni tegemeo la kazi yako: hata ukilazimika kutoa sindano mbele ya meza ya ukaguzi, kazi itafumuka hadi hapo tu na kusimama. Tumia uzi wa pamba uliosokotwa vizuri, wala usitumie wa sufu, kwani wa sufu hushikamana na kazi yenyewe na kuutoa baadaye ni taabu. Wenye sindano za mzunguko ambazo ncha zake hufunguliwa wanaweza kuzifungua na kufunga vizibo kwenye waya, vitanzi vikabaki juu ya waya salama.

Anayefuma kwa kroshia ana raha yake. Kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, na bizimu ya kawaida inatosha kukishika. Mkaguzi akichukua sindano ya kulabu, kazi inabaki kama ilivyo, nawe ukifika unanunua kulabu nyingine yenye namba ileile. Kwa hiyo andika namba hiyo mahali, kwa sababu tofauti kati ya milimita 3 na 3.5 itaonekana kwenye kitambaa kama mstari.

Anayedarizi hana wasiwasi wowote, kwa kuwa mishono yake imekwisha kukaa kwenye nguo.

Kuhusu kifaa chenyewe, kama muda upo unaweza kuomba kurudi kwenye kaunta ili kiingizwe katika mzigo mkubwa, au umpigie simu aliyekusindikiza ikiwa bado hajaondoka. Ni busara kumwomba asubiri hadi umwambie umepita.

Je, ukaguzi katika viwanja vya kwetu ukoje?

Anayeondokea Jomo Kenyatta, Nairobi, huanza kukaguliwa kabla hajalifikia jengo: abiria huteremka garini kwenye lango la barabara na kupita kwa miguu, kisha kuna mashine mlangoni mwa jengo, na nyingine kabla ya kupanda ndege. Julius Nyerere, Dar es Salaam, mizigo yote hupitishwa kwenye mashine mlangoni mwa jengo, na ule wa mkononi hukaguliwa tena baadaye. Maana yake kwa fundi ni kwamba begi la kazi litafunguliwa zaidi ya mara moja, na mara nyingine kwa haraka.

Kwa sababu hiyo, weka vifaa vyote vya chuma pamoja katika kijaluba kimoja kinachoonyesha ndani, kiwe juu kabisa ya begi. Kopo la bati la biskuti, ambalo katika nyumba nyingi ndilo sanduku la vifaa vya kushonea, halifai safarini: mashine haioni vizuri kilichomo, na likifunguliwa kwa pupa vifungo na pini humwagika mezani. Kazi yenyewe iwe katika mfuko wa kitambaa ikiwa na safu chache zilizokwisha kufumwa, kwa sababu kipande kilichoanza kuonekana kuwa soksi au kofia hujieleza chenyewe, ilhali sindano tupu na donge la uzi huzua maswali.

Ukiulizwa, jibu kwa ufupi na upole: "Hii ni kazi ya mkono, afande, hizi ni sindano za kufumia, na mkasi huu ni wa sentimita tatu." Usianze kumsomea kanuni kutoka kwenye simu isipokuwa akikuuliza, na usimkabidhi kitu chenye ncha kwa kumwelekezea ncha.

Je, ninaweza kutumia mifuko ya plastiki kupangia nyuzi?

Kwa Afrika Mashariki swali hili lina uzito wake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Tanzania ilipotangaza katazo lake iliacha nafasi kwa vile vimfuko vyenye mfungo wa kubana ambavyo abiria hutumia kwa vimiminika kwenye ukaguzi wa ndege, kwa sharti kwamba wageni waondoke navyo. Nafasi hiyo haikukusudiwa kwa rundo la mifuko ya kupangia madonge 20 ya uzi. Tumia vifuko vya kitambaa vyenye kamba, ambavyo fundi yeyote hutoa kwenye mabaki ya kanga kwa nusu saa, na uzi hautoki jasho humo kama unavyotoka ndani ya plastiki.

Ni kazi ipi inayofaa kufanywa ndani ya ndege?

Chagua kazi ndogo, inayojirudia, ya rangi inayoonekana, isiyotegemea karatasi ya kuhesabia. Kitambaa cha kochi kinachofumwa kwa vipande vya mraba ni mfano mzuri: kila kipande kinatoshea kiganjani, kinamalizika ndani ya saa moja au mbili, na kuunganisha kunafanyika nyumbani. Soksi, kofia ya mtoto mchanga, na ukingo wa mtandio ni kazi za namna hiyo. Blanketi lililokwisha kufikia nusu ni mzigo, linampa jirani joto asiloliomba, na hula nafasi ya begi ambalo kampuni kama Emirates na Qatar Airways huliwekea kikomo cha kilo 7 katika daraja la kawaida.

Uzi mweusi na wa buluu iliyoiva uache. Taa za ndani hupunguzwa mara baada ya chakula katika safari za usiku, na taa ya kusomea hutoa duara dogo la mwanga ambalo halitoshi kutofautisha kitanzi cheusi na mwenzake. Kwa wanaodarizi, kata nyuzi mapema na uzifunge kwenye kipande cha kadi chenye matundu na namba za rangi: fungu moja la uzi wa kudarizia wa kampuni ya DMC, wa nyuzi sita, lina mita 8, na kulifumbua angani, huku jirani akiomba kupita kwenda msalani, ni kujitafutia mafundo yasiyofunguka.

Shanga ni balaa, nasema hivi kwa kuzipenda. Chombo hutikisika mara moja tu, na za rangi zote zinaingia katika reli za viti. Kiondo kwa upande wake hakihitaji chuma chochote, na wanawake wa Ukambani na wa Mlima Kenya wamekisuka wakiwa njiani tangu zamani, huku mwili wake ukining'inia na vidole vikifanya kazi yote. Hata hivyo nyuzi ndefu za mkonge zinazotawanyika pembeni hazina pa kukaa katika kiti cha ndege, isipokuwa ukizifunga kwa mafungu na kuzifungua fungu moja baada ya jingine.

Ninashona kofia za mkono. Je, kofia ya viua, yaani ya nakshi ya vitundu vidogo, inafaa kusafiri nayo?

Inafaa kuliko karibu kazi nyingine zote, na ni ajabu kwamba haitajwi mara nyingi. Kofia ya mkono hushonwa ikiwa vipande viwili bapa, duara la juu na ukanda wa pembeni, na huunganishwa mwishoni. Kabla ya kuunganishwa, ukanda huo unakunjika ndani ya kitabu, unahitaji sindano moja nyembamba na uzi mmoja, na kazi yake huchukua wiki nyingi, kwa hiyo hakuna safari itakayoimaliza njiani. Jirani aliyeshonewa kofia kama hiyo na mkewe, au Mwomani anayeijua kwa jina la kumma, huenda akaanzisha mazungumzo yatakayokupunguzia saa mbili za usiku.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, ramani ya nakshi ichorwe nyumbani, kwa penseli kali, kwa sababu meza ya ndege haitulii. La pili, kazi ya kutoboa viua kwa msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea, ifanywe kabla ya safari na msharasi uachwe katika mzigo mkubwa. Kilichobaki cha kufanya kwenye ndege kiwe kuzungushia uzi matundu yaliyokwisha kutobolewa. La tatu, na ndilo linaloharibu kofia nyingi, ni weupe wa kitambaa. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana na vidole hupasuka, abiria akapaka mafuta, na mafuta hayo yakahamia kwenye kitambaa. Paka mafuta mara unapokaa, subiri yakauke, nawa, kisha ndipo ushike kazi. Na wahudumu wakileta chakula, kofia irudi mfukoni kabla ya kifuniko cha mchuzi kufunguliwa, kwa maana chombo kilichofungwa chini hupanda na hewa iliyobanwa ndani yake na hurusha matone kinapofunguliwa.

Je, gundi, mafuta ya cherehani na dawa za kupuliza zinaruhusiwa?

Kwa vimiminika vya mkononi, kikomo kinachotumika sana tangu mwaka 2006 ni mililita 100 kwa chombo, vyote vikiwa katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wenye ujazo wa lita 1. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chombo wala si kiasi kilichobaki, hivyo chupa ya gundi ya mililita 250 iliyobakiwa na matone machache itachukuliwa vilevile. Gundi ya kupuliza inayoshika moto isibebwe kokote, si mkononi wala chini. Wanaotumia kiberiti cha gesi kuchoma ncha za uzi wa nailoni ili zisifumuke wamalize shughuli hiyo nyumbani.

Ninahitaji taa ndogo na chaja ya kubebeka. Niziweke wapi?

Chaja ya kubebeka na betri za ziada za lithiamu hubebwa mkononi tu. Katika mzigo mkubwa haziruhusiwi, kwa sababu zikishika moto katika shehena hakuna wa kuziona mapema. Kikomo cha kawaida kisichohitaji kibali ni saa-wati 100, na chaja iliyoandikwa mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni kama saa-wati 74. Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu abiria abebe chaja moja lakini asiitumie ndani ya ndege, kwa hiyo taa ya shingoni ichajiwe kabla. Uielekeze chini, kwenye kazi. Usiku, wengine wamelala.

Nizingatie nini nikiwa kitini?

Kiti cha dirishani kina mwanga na ukuta wa kuegemea kiwiko, ingawa anayetumia mkono wa kushoto atakuwa huru zaidi upande ambao mkono huo unaelekea dirishani au njiani. Ndege inaporuka na inapotua, weka kazi mfukoni. Wakati huo mikono inapaswa kuwa tupu, na sindano iliyo wazi wakati breki zinashikwa ni hatari kwako kabla ya kuwa hatari kwa mwingine. Fanya hivyo pia ishara ya mikanda inapowashwa angani.

Sindano ya kushonea ifungwe kwa uzi wakati wote, hata unapoiweka chini kwa dakika moja, kwa kuwa yenye mkia mwekundu wa uzi inaonekana na isiyo na mkia haionekani. Kisumaku kidogo kilichobandikwa kwenye nguo husaidia kuishika. Ikianguka na ukakosa kuiona, mwambie mhudumu. Aibu ya kuomba tochi ni ndogo ukilinganisha na abiria wa safari inayofuata, pengine mtoto aliyevua viatu, atakayeikalia au kuikanyaga.

Je, cherehani ndogo inaweza kubebwa mkononi?

Ikiwa uzito na vipimo vinaruhusu, mara nyingi inawezekana, lakini toa sindano yake, toa mafuta, na uwasiliane na kampuni ya ndege kwa maandishi mapema. Binafsi sioni faida yake.

Kuna jambo la forodha au sheria nyingine ninalopaswa kujua?

Kazi unayoishona na nguo zako mwenyewe hazina shida. Ukibeba kofia 30 zilizokamilika kwenda Muscat, au vitambaa vya makochi seti kumi kwenda London, forodha itaviona kuwa bidhaa, hata kama nusu yake ni zawadi za harusi. Beba stakabadhi na uvitaje unapoulizwa. Anayekwenda Australia au New Zealand atangaze sufu mbichi isiyosafishwa, kwa kuwa nchi hizo zina masharti makali kuhusu mazao ya wanyama.

Vifaa vya urithi vinahitaji uangalifu wa pekee. Sindano ya kulabu ya pembe ya ndovu au kifungo cha gamba la kasa ng'amba, hata kama vilikuwa vya bibi na vina umri mkubwa kuliko wewe, vinaangukia chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na kuvivusha mpaka bila vibali kunaweza kuishia kwenye kunyang'anywa na kushtakiwa. Viache kabatini.

Kazi iliyokamilika niiweke mkononi au katika mzigo mkubwa?

Mkononi, bila kusita. Vifaa vina maduka, kazi haina. Mzigo ukipotea katika safari ya kimataifa inayosimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, dhima ya kampuni ya ndege ina kikomo, ambacho tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya SDR (kizio cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria, isipokuwa awe ametoa tamko maalumu la thamani alipokabidhi mzigo na kulipa nyongeza. Hata ndani ya kikomo hicho utatakiwa kuthibitisha thamani, na miezi minne ya kushona viua baada ya sala ya Isha haina stakabadhi. Piga picha kila kipande kabla ya kukifunga, kikunje ndani ya kanga safi, na ukiweke chini ya kiti kilicho mbele yako badala ya kabati la juu, ambako abiria wa mwisho kupanda atakigandamiza kwa sanduku lake la magurudumu.